Wamama wa kanisa walimtoa mke wangu hospitalini, sasa pasta anadai ushuhuda wangu

Mama Mshauri, jambo yako.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari ya Katuba, hapa Lubumbashi. Shule ni ya Kikatoliki, ile aina inayosimamiwa na kanisa na kulipwa na Serikali, kwa hiyo najua utacheka nikikuambia kwamba mimi si mtu wa dini. Nilibatizwa, nikatumikia altareni nikiwa mtoto, kisha nilipofika chuo kikuu nikaacha kidogo kidogo bila kugombana na mtu. Na Mungu sina ugomvi. Maswali yangu ni kwa watumishi wake. Darasani, tukifika sura ya ukoloni, siwafichi wanafunzi kitu. Nawaambia Serikali ya Wabelgiji, Union Minière (kampuni ya migodi ya shaba) na misheni vilikuwa mafiga matatu, na kwenye chungu tulikuwa sisi. Nawasimulia habari za Monseigneur Jean-Félix de Hemptinne, askofu wetu wa zamani, aliyetetea ukoloni kwa nguvu zake zote. Nawasimulia Desemba 1941, wafanyakazi weusi wa Union Minière walipogoma wakidai mshahara wa kuishi, wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira, askari wakawafyatulia risasi, akafa kiongozi wao Léonard Mpoyi pamoja na makumi ya wenzake. Halafu nawauliza: Jumapili iliyofuata, mahubiri yalikuwa yanasema nini?

Mke wangu anasali katika kanisa moja la uamsho, si mbali na kwetu. Jambo hilo halijawahi kutugombanisha. Jumapili yeye anakwenda ibadani, mimi nabaki nasahihisha daftari, akirudi tunakula bukari yetu (ugali) na samaki, mambo yanaisha.

Mwaka huu tumepata mtoto wa nne. Alikuwa amelala kimshazari tumboni, daktari akasema hakuna njia isipokuwa kumpasua mama. Wote wawili wakapona. Ila kupona na kutoka hospitalini ni mambo mawili. Fakitire, yaani bili ya hospitali, ilikuwa dola 310, mimi nilikuwa na 90. Mke wangu akahamishiwa chumba cha nyuma, kule wanakowekwa wenye madeni, na mlinzi mlangoni. Walikuwemo mle wanawake wengine ambao vidonda vyao vilishakauka siku nyingi. Niliwaendea kaka zangu. Wakaniambia “tutaona”, na wewe unajua “tutaona” ya mwisho wa mwezi ni nini. Shuleni mchango wa wazazi ulikuwa haujagawanywa. Nilikuwa nalala nikihesabu vitu vya kuuza nyumbani, na kila nikifika kwenye televisheni nakumbuka kwamba tayari iko kwa mtu.

Siku moja mchana wakaja wamama saba wa kanisa lake. Kiongozi wao, mjane anayeuza makala (makaa ya kupikia), alifungua fundo kwenye kona ya kitenge chake, zikatoka franka zilizokunjwa-kunjwa, noti za elfu moja na za mia tano, na dola chache zenye harufu ya samaki. Wakahesabu mbele ya mtunza kasha, wakahesabu tena. Hakuna aliyenihubiria. Mmoja aliniuliza tu kama nimekula.

Baada ya hapo mambo yakageuka. Pasta alitangaza ibadani kwamba kanisa limelipa, na sasa anataka nisimame mbele ya watu nitoe ushuhuda kwamba nimeshindwa na nimesalimu amri. Amemwambia mke wangu kwamba mtoto alilala vibaya kwa sababu ya kutoamini kwangu. Eti nimefungua mlango nyumbani. Tena mke wangu, katika uchungu, aliweka nadhiri, na pasta anamkumbusha kila wiki kwamba nadhiri ile maana yake ni malimbuko, yaani mtaji wake wote wa biashara. Anauza samaki wakavu wa Kasenga kwenye soko la Kenya (wasomaji wa mbali, hiyo ni komuni ya mji wetu, si nchi). Samaki hao ndio wanaolipa masomo ya watoto wawili.

Lililonichoma zaidi ni binti yetu wa miaka 11. Kwenye mafundisho ya watoto wameambiwa kuna roho nyumbani kwetu. Nilimkuta anapaka mafuta ya upako kwenye begi langu. Yalipenya hadi kwenye karatasi za mtihani, alama za wanafunzi nusu hazisomeki. Nikamuuliza kwa nini, akasema: “Papa, sitaki uende motoni.”

Usiku ule nilimfokea mke wangu. Nilimwambia dini yenu ni ukandamizaji, Wabelgiji walituletea na nyinyi mnaiendeleza. Akanijibu, bila kupandisha sauti: “Ukandamizaji umenitoa hospitalini. Uhuru wako ulikuwa wapi?”

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nisimame nitoe huo ushuhuda? Nimkataze mke wangu kanisa? Na mimi kama mwalimu, Ukristo umetufaa au umetukandamiza? Nilidhani najua.

Mwalimu, Katuba


Mwalimu, jambo sana. Hongera kwa mtoto, na umpe mama pole yangu.

Mke wako amekushinda kwa sentensi mbili, na sitakusaidia kumshinda. Alisema kweli. Ila hakusema kweli yote, na kwa sehemu iliyobaki ana haki ya kusikia sauti yako, mradi usiipaze.

Tuanze na pesa, maana pesa haina maneno mengi. Pasta anasema kanisa limelipa. Barua yako inasema fundo lilifunguliwa kwenye kitenge cha mjane muuza makala. Ulimwona pasta pale kwa mtunza kasha? Kapu la sadaka lilitoa hata franka moja? Mimi sijui, lakini wamama wale wanajua, na nina hakika mkeo naye anajua. Vikundi kama hivyo nimevikuta kila mahali katika mji huu: Wamethodisti wana Kipendano yao, Wakatoliki wana jumuiya zao za mtaani, na huko kwenye makanisa ya uamsho wamama wana likelemba (kuchangiana pesa kwa zamu) na kisanduku cha wagonjwa na matanga. Aghalabu pesa hizo haziguswi na mchungaji. Zinatoka kwenye nyanya, kwenye makala, kwenye sabuni, na zinakwenda kwa mwenye shida wa wiki hiyo. Kwa hiyo deni unalo, Mwalimu, na ni deni kubwa, ila umeonyeshwa mdai asiye wake.

Lilipe kwa wenyewe. Uliza siku yao ya mkutano, uende pamoja na mkeo na mtoto, upeleke mfuko wa unga kama mtu anayetoka kushukuru, na useme asante kwa mdomo wako. Kisha kila mwezi mshahara ukiingia, weka kitu kwenye kisanduku chao mpaka dola zile 220 zirudi, na ukiweza usiishie hapo, maana ulimwacha mwanamke mwingine kwenye kile chumba cha nyuma. Huhitaji kuamini chochote kufanya hivyo. Wao walikuuliza kama umekula; hawakukuuliza kama umeokoka.

Sasa ushuhuda. Usisimame. Mtu aliyepotea njia akarudi kwa hiari yake asimame aseme, ni haki yake. Wewe unatakiwa usimame ili pasta aonekane amekuangusha, na mkeo ndiye aliyewekwa rehani. Lakini usiende kumwambia pasta kwanza. Mwambie mkeo, tena mchana, watoto wakiwa shuleni, na uanze na samahani kwa ule usiku wa kelele. Ukiitukana dini yake unatukana na wale wamama saba, na yeye atawatetea, kama mimi ningewatetea.

Upande wa historia nitakaa kidogo, kwa sababu wewe ni mwalimu na nadhani unafundisha nusu.

De Hemptinne uliyemtaja aliongoza kanisa la huku Katanga tangu 1910 mpaka alipofariki 1958. Yote unayosema juu yake wafundishe wanafunzi, wala usipunguze. Na ukitaka, rudi nyuma hadi mkataba wa 1906, Dola la Mfalme Leopold wa Ubelgiji lilipopatana na Vatikani: misheni zipewe ardhi, nazo zifungue shule kwa mpango wa Serikali. Mafiga yako yana hati.

Lakini katika mji huu huu, miaka hiyo hiyo ya askofu huyo, palikuwa na Mkristo mwingine. Simon Kimbangu, katekista wa Kibaptisti kutoka Nkamba, alihubiri na kuombea wagonjwa kwa miezi michache tu mwaka 1921. Watu waliacha kazi wakamfuata, Serikali ikaogopa, mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo, Mfalme Albert akaibadili hukumu iwe kifungo cha maisha. Wakamleta huku, mbali kabisa na kwao, wakamfungia Élisabethville, jina la zamani la mji wetu. Alifia kifungoni hapa Lubumbashi tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Mwanafunzi wako akikuuliza Ukristo ulikuwa unafanya nini mjini kwetu mwaka 1941, utamjibu ukiwa upande gani wa ukuta? Wote wawili walikuwa na Biblia. Mmoja alikuwa nayo nyumbani kwa askofu, mwingine alikuwa nayo moyoni ndani ya selo, na wenye funguo za selo hawakuwa na shida yoyote na yule wa kwanza.

Usikimbilie kusema basi Ukristo wa wakubwa ni mbaya na wa wafungwa ni mzuri. Endelea mbele miaka ishirini. Rais Mobutu alipopunguza makanisa kwa sheria mwaka 1971, kanisa la Kimbangu lilikuwa miongoni mwa machache aliyoyatambua, na halikusikika sana likimpinga. Mwaka uliofuata, alipokataza majina ya Kikristo, aliyelazimika kuondoka nchini na kukaa Roma kwa muda alikuwa Kardinali Malula, mkuu katika kanisa lile lile la de Hemptinne. Walibadilishana viti! Mimi ni Mkatoliki wa misa ya saa kumi na mbili asubuhi, na sura hiyo naiona nzuri kuliko zote katika historia yetu ya makanisa, kwa sababu inamnyima kila mmoja wetu nafasi ya kujisifu.

Tena kuna jambo la Kasai ambalo sielewi kwa nini walimu wa historia wanaliruka. Mmoja wa waliohesabu mikono iliyokatwa alikuwa mmisionari: William Sheppard, Mmarekani mweusi, Mpresbiteri. Mwaka 1899 alifika kwenye kambi ya Wazappo-Zap, wapiganaji waliokuwa wakiitumikia Serikali ya Leopold, akaonyeshwa mikono ya kulia 81 ikikaushwa juu ya moto ili ipelekwe kama ushahidi wa kazi. Aliandika alichokiona. Baadaye aliandika tena kuhusu utomvu wa mpira na mateso ya Wakuba, watu wa Kasai hiyo, na kampuni ya mpira, Compagnie du Kasai, ikamshtaki kwa kuichafulia jina. Mwaka 1909 alisimama mahakamani Léopoldville (Kinshasa ya leo), na aliyevuka bahari kuja kumtetea alikuwa Émile Vandervelde, kiongozi wa wasoshalisti wa Ubelgiji. Vandervelde hakuwa mtu wa kwaya, Mwalimu. Alikuwa mtu wa maswali kama wewe. Sheppard akashinda. Ndiyo maana nikakuambia uende ukae na wale wamama: kuna kazi ambazo asiyeamini na anayeamini wamezifanya kwenye benchi moja bila mmoja kumdai mwenzake ushuhuda.

(Habari za Jamaa, zile jumuiya za padri Tempels kule Kolwezi ambako mume na mke waliingia pamoja wakifundishana uzima, uzazi na mapendo kwa Kiswahili chetu, nitaziacha kwa siku nyingine. Ningeanza, nisingemaliza.)

Kwa hiyo swali lako la mwisho, umetufaa au umetukandamiza, mimi silijibu kwa neno moja, na siyo woga. Nikitaka kujua kanisa fulani, hapa, mwaka huu, linawafanya nini watu wake, naangalia yule anayesema hapana, au anayeuliza pesa zimekwenda wapi. Anaendelea kusalimiwa? Anaendelea kuletewa chakula akifiwa? Au jina lake linaanza kutajwa kwenye maombi ya usiku? Wewe mwenyewe unakula mkate wa kanisa: shule yako iko chini ya makubaliano ya 1977 kati ya Serikali na makanisa, baada ya Mobutu kuzitaifisha shule 1974 na kushindwa kuziendesha, na humo unafundisha habari za de Hemptinne kwa sauti kubwa na bado una kazi. Hilo nalo ni jibu, japo dogo. Pasta wa mkeo ametoa jibu lake pia.

Na swali la mkeo, uhuru wako ulikuwa wapi, usilichukue kama tusi. Baba yangu alikuwa wa Gécamines, kampuni ya Serikali iliyorithi migodi ya Union Minière. Tuliugua, tukaenda hospitali ya kampuni; mwezi ukiisha, posho ya unga ikaja nyumbani; shule ilikuwa ya kampuni, na mama hakuhitaji kumpigia mtu magoti ili atoke wodini. Ulikuwa utumwa wa namna yake, ndiyo, lakini wodi ilikuwa wazi. Miaka ya 1990 kampuni ikaporomoka, na kuanzia 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaachishwa kwa kile walichokiita kuondoka kwa hiari. Ni nani aliyebaki mtaani akiwa na kisanduku cha wagonjwa? Kitenge kile. Makanisa ya uamsho yalijaa kwa sababu nyingi, ila hii usiidharau: yaliwakuta watu wakiwa hawana mahali pengine pa kupeleka fakitire. Hapo ndipo faida na ukandamizaji vinapokaa nyumba moja, maana asiye na mahali pengine pa kwenda hawezi kusema hapana.

Nije kwenye mambo ya haraka. Nayaandika nikiwa na hasira, unisamehe.

Kwanza tumbo la mkeo. Kumwambia mwanamke aliyepasuliwa kwamba mtoto alilala vibaya kwa dhambi ya mumewe ni uovu, na ni hatari kuliko pasta mwenyewe anavyofikiri. Watoto hulala kimshazari, hasa kwa mama aliyekwisha kuzaa mara kadhaa, kizazi kikiwa kimelegea. Au maji yakiwa mengi, au kondo likiwa limekaa chini. Daktari anajua. Mrudi kwake nyote wawili, mkeo aulize kwa kinywa chake, asikie jibu kwa masikio yake, wewe nyamaza. Na muombe maandishi: alipasuliwa lini, kwa sababu gani, mkato ulikuwa wa aina gani. Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu sasa ana kovu kwenye kizazi. Mimba nyingine ikija, uchungu unaweza kulipasua kovu hilo, na damu ikianza kumwagika ndani hakuna mafuta ya upako yatakayoizuia. Lazima azalie hospitali yenye chumba cha upasuaji. Mwanamke anayeamini kwamba shida ilikuwa mlango uliofunguliwa na mume ndiye atakayekwenda kuzalia chumba cha maombi mara ijayo. Juu ya hili usikubali kushindwa. Na kwa sasa muoneni mtu wa uzazi wa mpango, mpe mwili wake nafasi.

Pili, binti. Huyu mtoe kwenye mafundisho yale, wiki hii. Mkeo aendelee kusali anakotaka, ni mtu mzima, na ukimkataza utakuwa umemthibitishia pasta kila alichosema. Lakini mtoto ambaye ameambiwa nyumbani kwao kuna roho, leo roho ni ya baba. Biashara ikianguka kesho, watamtafuta mwingine, na katika nchi yetu unajua kidole huishia kwa nani. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inahesabu kumshtaki mtoto uchawi kuwa kosa la kuadhibiwa. Sikuambii uende polisi. Nakuambia mkeo ajue kwamba sheria hiyo ipo, kwa sababu najua akisikia hivyo ataamka. Akina mama wengi hukaa kimya kwa habari ya mtaji, wakaamka kwa habari ya mtoto. Na binti mwenyewe usimfundishe historia. Mshukuru kwamba anakupenda kiasi hicho, mwambie hauendi popote, kisha mpe kazi ya kukusaidia kuandika upya zile alama. Alizichafua yeye.

Tatu, nadhiri. Hapa nitakuomba utulie, kwa sababu nadhiri ni ya mkeo, na mwanamke mwenye uchungu akimwahidi Mungu kitu hatudharau. Ipo sura katika Biblia, Hesabu 30, inayompa mume ruhusa ya kufuta nadhiri ya mkewe siku anapoisikia. Usiitumie! Ukiitumia wewe unayelalamikia ukandamizaji, nitakuandika jina hapa. Afadhali mtu ambaye mkeo anamheshimu akae naye, mjane wa makala kwa mfano, wasome pamoja Marko sura ya 7, pale Yesu anapowakemea watu wanaosema mali fulani ni ya Mungu ili wasiwatunze wazazi wao. Wakitoka hapo wasome Kumbukumbu la Torati 14 mpaka mwisho: zaka ile, mwenye nyumba aliila na watu wake kwa furaha, na kila mwaka wa tatu ikawekwa mjini kwao ili wale Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mtaji wa kuuzia samaki haumo. Mkeo akiona bado ana deni kwa Mungu, na alilipe kwa faida, kidogo kidogo, tena kwa wale ambao Kitabu kimewataja. Mjane anamjua, yuko naye kwenye likelemba. Mtaji ubaki sokoni.

Kuhusu somo lako la historia: mafiga matatu yaache, ni mazuri, wanafunzi watayakumbuka. Ongeza Kimbangu na Sheppard. Na lile swali lako la mahubiri ya Jumapili baada ya risasi za 1941 ni zuri mno kuachiwa liwe la kejeli. Watume wanafunzi kwa wazee wao, wakaulize nyumbani kwao walikuwa wanasimulia nini juu ya siku zile, na wazee hao walikuwa wanasali wapi.

Bado jambo moja. Utakapokwenda kuwashukuru wamama, pasta anaweza kuwa amepata habari, akakungoja na mikrofoni, pengine na kinanda nyuma yake. Usikimbie, wala usianze hotuba. Sema hivi: “Nawashukuru wamama saba waliomtoa mke wangu hospitalini kwa pesa zao. Nimekuja kuanza kuzirudisha.” Kisha mrudishie mikrofoni yake, ukakae karibu na mkeo.